Unauza springi za kushusha gari? Uliza haya kabla ya kupokea hela

Mteja yuko Muleba, ana IST, kaona picha yako: "Springi za kushusha bei gani?"

Tulia kwanza. Kutoka Dar hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Mzigo ukirudi kwa sababu haukuingia, nauli ya basi inakula faida yako yote, na jina linachafuka.

Uliza mambo manne:

1. Namba ya chesisi. IST zinafanana kwa macho, lakini NCP60 na NCP61 zinavuta matairi ya mbele, NCP65 inavuta yote manne. Omba picha ya kibati.

2. Njia anazopita. Springi hizi nyingi hushusha sentimita 2 hadi 4. Kwenye lami ya mjini poa. Kijijini, masika yakichimba barabara, sampo itagonga mawe.

3. Mzigo. Kama anabeba mikungu ya ndizi au abiria, mwambie ukweli: aachane nazo.

4. Shokapu. Kama zimechoka, springi fupi zitazimaliza.

Akisema fundi atamkatia zile za zamani kwa bei chee, usibishane. Mweleze tu kwamba springi iliyokatwa inaweza kuchomoka gari likiruka tuta. Hapo ni roho za watu.

Andika maswali haya kwenye meseji moja, uwe unakopi na kutuma. Mteja uliyemwambia ukweli leo, kesho atarudi kwako kununua shokapu.