MTEUZI HAISHI TAMAA

Kila ukaribiapo mwezi wa Septemba, vijana wetu wa Unguja na Pemba waliopata nafasi za masomo nchini China hufunga safari. Wazazi huwatilia masandukuni achari, bizari na unga, kwa huruma ambayo hatuna haja ya kuieleza. Lakini sanduku lina mwisho, na masomo ni ya miaka. Unga ukishakwisha, mwanafunzi huyo atakula nini?

Swali hili si dogo. Kijana asiyetaka kugusa chakula asichokizoea huishia kwenye biskuti, mayai na chai. Posho yake humalizikia katika kutafuta vitu vya nyumbani vinavyouzwa ghali, mwili hudhoofu wakati wa baridi kali, na akili haikai darasani. Zaidi ya hayo, hujitenga na wenziwe, kwani katika nchi ile, kama hapa kwetu, urafiki huanzia penye chakula. Asiyekaa mezani na wenyeji huchelewa kuijua lugha yao, na lugha ndiyo ufunguo wa masomo yenyewe.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili. Kuna chakula kilicho haramu, na kuna chakula kilicho kigeni tu. Nyama ya nguruwe na mafuta yake hutumika sana katika mapishi ya Kichina, na Mwislamu ana wajibu wa kuuliza kabla ya kula. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kukataa bila ya kuuliza ni jambo jingine. China ina mamilioni ya raia Waislamu, wakiwamo watu wa kabila la Hui, ambao mikahawa yao ya tambi za kuvutwa kwa mkono katika supu ya ng'ombe, kwa mtindo wa mji wa Lanzhou, imeenea katika miji mingi. Vyuo vingi navyo vina mabwalo yenye maandishi yasomwayo qingzhen, yaani chakula cha Waislamu. Mwenye kulijua neno hilo moja hatalala na njaa.

Na mwenye macho ataona kwamba ugeni wenyewe si mkubwa. Wachina hunywa uji wa mchele asubuhi. Mchicha wanao, samaki wanao, na wakati wa baridi viazi vitamu vya kuchoma huuzwa mabarabarani. Hata karafuu, zao lililovipa visiwa hivi jina duniani, ni miongoni mwa viungo vya ule mchanganyiko mashuhuri wa Kichina uitwao viungo vitano.

Tukumbuke pia sinia zetu wenyewe. Muhogo, mahindi, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, navyo vilifika pwani hii baada ya Wareno kuingia katika bahari yetu mwaka 1498. Chapati na biriani zimetufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Karafuu yenyewe ilikuja kupandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Lau wazee wetu wangalivikataa vyote hivyo kwa sababu ni vigeni, leo tungelikuwa na nini cha kujivunia jikoni?

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Mafunzo ya kuwaaga wanafunzi yasiishie kwenye pasi na tiketi. Wako wananchi wengi waliosoma China wakarejea salama. Waitwe wawafundishe vijana majina ya vyakula, namna ya kuuliza kilichomo chunguni, kutumia vijiti, na kupika kwa bei nafuu. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa siku mbili, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya mwanafunzi anayerejea kabla ya kuhitimu.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayepikiwa chungu chake peke yake kila anapokunja uso hatajifunza kula ugenini akiwa na miaka ishirini. Visiwa vyetu vinawangoja madaktari, wahandisi na walimu. Nao hawatapatikana kwa biskuti na chai.