Harusi Hii ni ya Nani?

Siku moja binti wa dada yangu alifika nyumbani jioni, akanipa shikamoo, akakaa, asiseme kitu mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema: "Mjomba, nimetoka kwenye kikao cha kamati. Rangi wamechagua, ukumbi wamechagua, keki wamechagua. Nimejiuliza njia nzima, harusi hii ni ya nani?"

Nilicheka, lakini alipoondoka swali lile lilibaki nami. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi mara saba hapa Dar es Salaam. Mtu akiniwekea mezani picha za kumbi zile saba, akaziba sura za maharusi, siwezi kumwambia ipi ni ipi. Viti vimevikwa vitambaa vyeupe, meza kuu imezungushiwa taa, keki imesimama ghorofa kwa ghorofa, na MC, ambaye watu wa mjini humwita "msema chochote", anasema yale yale aliyoyasema Jumamosi iliyotangulia. Leo basi nataka tuzungumze jinsi watu wawili wanavyoweza kutia mkono wao katika sherehe yao.

Tuanze na yanayolazimika, maana ni machache kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, tunayoitumia hapa Tanzania, inataka wawili hao wawe wameridhia kwa hiari yao. Inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Dini nazo zina taratibu zake, na hizo mimi sizigusi. Lakini kuhusu keki, shela, matarumbeta na shampeni, hakuna kifungu hata kimoja.

Basi desturi hizi tunazoziona kama amri zilitoka wapi? Nyingine zilianza kama mapenzi ya mtu mmoja. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840 alivaa gauni jeupe lenye lesi ya Honiton, iliyofumwa kwa mkono na wanawake wa Devon ambao kazi yao ilikuwa ikidorora. Maharusi wa zama zile walivaa rangi yoyote. Yeye alikuwa na sababu yake ya kuchagua lesi ile, nasi tumebaki na weupe bila sababu. Hata ule muziki wa maandamano unaopigwa maharusi wakitoka kanisani, Mendelssohn aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Ulivuma baada ya kupigwa kwenye arusi ya binti wa Malkia huyo huyo mwaka 1858.

Hatuna haja ya kwenda mbali hadi Ulaya. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayeingizwa ukumbini na majani mdomoni, ni heshima ya Wachaga. Kwao ana maana, na wapo wazee wanaojua nani apewe kipande gani. Sasa nimemwona kwenye sherehe ambazo upande wa mume ni watu wa Lindi na upande wa mke ni watu wa Kigoma, na hakuna hata mmoja aliyejua aanzie kumkata wapi. Nyama ilikuwa tamu, sikatai. Lakini Kigoma kuna migebuka na Lindi kuna samaki wa kupaka nazi, na siku ile sikuona hata mmoja wao mezani.

Hapo ndipo ninapopima. Kitu cha kwenu katika harusi ni kile ambacho yupo mtu ukumbini atakayekitambua bila kuelezwa. Kama inabidi MC akieleze kwa watu wote, hicho ni pambo tu. Na kama kinamgharimu mgeni, hicho ni kodi. Nasema hivi kwa sababu ya mtindo wa sherehe zenye sare, ambapo mwanamke aliyekwisha kutoa mchango anaambiwa tena anunue kitenge cha rangi fulani na amlipe fundi, la sivyo ataonekana hakushirikiana. Nawajua waliojifanya wagonjwa siku hiyo.

Sasa kanga. Mnajua kanga huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, vyenye pindo moja na jina moja. Jambo lililonipendeza sana katika sherehe zote nilizohudhuria lilikuwa la doti moja tu. Bibi harusi aliikata katikati mbele ya watu, kipande kimoja akamfunika mama yake, cha pili akamfunika mama mkwe. Hakusema neno. Mama wale wawili waliangaliana, kila mmoja akaona jina lile lile begani mwa mwenzake, na vigelegele vikaanzia meza za nyuma, kwa akina mama wa mtaani ambao kamati ilikuwa imewaweka karibu na mlango wa jikoni.

Ila someni jina kabla ya kulipa! Kanga nyingine zimeandikwa mafumbo ya kumsuta jirani au mke mwenza. Nimeshuhudia mama mkwe akivikwa kijembe hadharani, na aliyemvika alikuwa ameangalia maua tu.

Nirudi kwa mpwa wangu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa treni ya TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Binti alitaka meza za ukumbini zisiitwe meza namba moja, namba mbili, bali zipewe majina ya stesheni: Kisaki, Ifakara, Mlimba, Mbeya, Tunduma, kisha tunavuka mpaka kwenda Nakonde, Kasama, Mpika, Serenje, na kuendelea. Meza kuu iwe Makambako, kwa sababu hapo ndipo shemeji yangu alipomwona dada yangu akiuza mahindi ya kuchemsha, akanunua kikapu kizima.

Kamati haikuelewa, lakini haikukataa. Aliyekataa ni dada yangu. Alinipigia simu usiku: "Kaka, mwambie mwanao asinilize mbele ya watu. Nimevumilia miaka tisa, sitaki kutangaziwa ujane wangu kwenye kipaza sauti."

Msikilizaji, hapa pana jambo ambalo wapangaji wengi hawalifikirii. Kumbukumbu ya marehemu si mali ya bibi harusi peke yake. Nilikaa nao wote wawili Jumapili mbili mfululizo. Siku ya kwanza walinuniana, siku ya pili tukafika mahali. Picha ya baba isiwekwe, hotuba juu yake isitolewe, MC asilitaje jina lake hata mara moja. Yabaki majina ya stesheni peke yake, kwenye vipande vya karatasi ngumu, yameandikwa kwa mkono wa bibi harusi. Gharama yote ilikuwa karatasi na kalamu ya rangi.

Siku yenyewe ilipofika, vijana wengi walidhani ni utani tu, wakawa wanaulizana, "Wewe umeshukia wapi?" Lakini meza ya Mlimba waliketi wazee watatu waliofanya kazi na marehemu. Mmoja wao alisimama, akaenda taratibu toka meza hadi meza akisoma majina kwa mpangilio, na alipofika Makambako akavua kofia mbele ya dada yangu, akampa mkono. Dada hakulia. Alicheka, akamwuliza kama bado ana deni la mahindi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sipendi kulisema, lakini nitalisema. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mwenyekiti wa harusi ambapo bibi yake bwana harusi alikuja kwa basi kutoka Lushoto. Alikuwa na wimbo ambao kwao humkaribisha mkaza mwana, na alikuwa ameuimba kwa kila mke aliyeingia katika ukoo ule. Aliomba nafasi ndogo tu. Tulikuwa tumechelewa, mwenye ukumbi anataka ukumbi wake saa sita, na muda ulikuwa umeliwa na zawadi za makundi, kila kundi na wimbo wake kutoka kwenye spika. Nikamwambia MC amruke. Bibi alikaa na kanga yake magotini mpaka tulipozima taa. Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mkewe yule bwana bado huniamkia vizuri tukikutana, wala hajawahi kulitaja.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia maharusi: mkiwa na jambo lenu, liandikwe kwenye ratiba kwa dakika zake, liwekwe kabla ya chakula, na MC apewe karatasi hiyo siku tatu kabla, asome mbele yenu. Moja au mawili yanatosha. Baada ya chakula ukumbi si wenu tena, ni wa wapiga muziki.

Mdogo wake yule bwana harusi anaoa mwaka huu, na kamati imeniita tena, nadhani kwa sababu ya uzoefu. Nimeulizia Lushoto. Shangazi yao mmoja anaujua wimbo ule, ingawa anasema sauti imekwisha. Nimemtumia nauli ya watu wawili, na kwenye ratiba, mbele ya jina lake, nimeandika dakika kumi kwa wino.