Sarafu ya kale kutoka Pemba: Karatasi kwanza, sanduku baadaye

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MWENYE riale ya fedha ya Seyyid Barghash kisiwani Pemba hana mahali pa karibu pa kuipeleka ili ipimwe kwa kiwango kinachokubaliwa na wanunuzi wa dunia. Kampuni mbili zinazotegemewa zaidi katika kazi hiyo, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, zina makao yake makuu nchini Marekani, moja California na nyingine Florida, ingawa zina vituo pia Ulaya na Asia.

Sarafu hiyo basi italazimika kuvuka hadi Unguja au Dar es Salaam, kisha kuvuka bahari kuu, kuguswa na mikono mingi isiyomjua mwenyewe, na baada ya wiki au miezi kurudi kwa njia ileile.

Wengi wanapoifikiria safari hiyo humfikiria mwizi. Mwizi yupo, lakini sarafu iliyofungwa vizuri inaweza pia kupotea bila kuibwa: ikazuiliwa forodhani kwa kuwa haikutajwa kwa jina lake, ikakosa fidia kwa kuwa thamani iliyoandikwa haikuwa ya kweli, au ikaingia katika mgogoro wa ndugu baada ya kurudi na bei kubwa.

Kazi ya kampuni hizo ni kuthibitisha kama sarafu ni halisi, kuipa alama ya hali yake kuanzia 1 hadi 70, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya pekee. Kipimo hicho kilitokana na kile alichokibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Kwa sarafu adimu, tofauti ya alama chache huweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Ni vyema kufahamu pia kile ambacho kasha hilo halisemi. Halisemi sarafu ni mali ya nani, wala halisemi kama ilitoka nchini kwa halali.

Je, inastahili nauli?

Sarafu nyingi zilizomo katika masanduku ya familia Pemba hazistahili safari hii. Mfano ulio wazi ni reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Mtu huiona tarehe hiyo akadhani ameshika kitu cha karne ya 18. Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780, lakini sarafu yake iliaminiwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hata ikaendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile hadi karne ya 20, si Vienna tu bali hata London, Rome na Bombay. Ina uzito wa takriban gramu 28, na mara nyingi bei yake haizidi sana bei ya fedha iliyomo.

Pesa ya shaba ya Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 hadi 1882, nayo si adimu. Ada ya kupima sarafu moja huanzia makumi ya dola kabla ya kuongeza nauli na bima ya kwenda na kurudi; kwa pesa ya kawaida iliyochakaa, mwenyewe atalipa zaidi ya atakachopata.

Riale ya fedha ya mwaka huohuo wa 1299 ni habari nyingine, na ile ya dhahabu ya riale 5 zaidi. Vivyo hivyo senti 10 na senti 20 za mwaka 1908, zilizotolewa enzi ya Sultan Ali bin Hamoud wakati Zanzibar ilipoanza kutumia rupia yake yenyewe, rupia iliyodumu hadi mwaka 1936 ilipochukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki.

Kutoka Bara huja ile maarufu kuliko zote: rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati vita ikiwa imewafungia njia za baharini. Zilitengenezwa kiasi cha 16,000 tu, na leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyohiyo huigizwa, na mwenye kuipata ana haki ya kuwa na shaka kabla ya kuwa na furaha.

Sarafu iliyotobolewa au kuunganishiwa kikuku ili iwe kidani hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake sokoni, hata ikiwa adimu. Pengine hiyo ibaki shingoni.

Iliyotoka ardhini haisafiri

Kuna sarafu ambazo suala lake si nauli. Mwaka 1984, katika utafiti wa mtaalamu wa mambo ya kale Mark Horton huko Mtambwe Mkuu, jirani na Wete, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za utawala wa Fatimiya. Zilifukiwa katika karne ya 11. Uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1986 uliwashirikisha Helen Brown, mtaalamu wa sarafu wa Oxford, na mkemia W. A. Oddy wa Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Matokeo yake yalibadili mawazo ya wengi kuhusu umri wa biashara na utawala wa miji ya Waswahili. Yaliwezekana kwa kuwa ilijulikana sarafu hizo zilikuwa wapi, zikiwa pamoja na nini. Sarafu ileile ikiokotwa shambani au ufukoni, ikatiwa mfukoni na kupelekwa Florida, itarudi na alama yake na imepoteza yote hayo.

Sheria nazo haziko kimya. Zanzibar ina sheria yake ya kuhifadhi mambo ya kale, na Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayovihesabu vitu vilivyotengenezwa nchini kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unazitaja sarafu zenye umri wa zaidi ya miaka 100 kwa jina, na Marekani iliukubali mkataba huo mwaka 1983. Kwa hiyo hata riale ya Barghash iliyorithiwa kihalali ni kitu ambacho ofisa wa forodha ana sababu ya kukiuliza.

Hatua ya kwanza, kabla ya sanduku lolote, ni kuionyesha sarafu kwa idara ya serikali inayosimamia makumbusho na mambo ya kale na kuomba maelezo ya maandishi iwapo inaruhusiwa kutoka. Jibu likiwa hapana, safari imekwisha, na ni nafuu iishie Chake Chake kuliko iishie katika ghala la forodha la nchi nyingine.

Ni ya nani?

Swali hili huachwa mara nyingi kwa kuona haya. Sarafu ya marehemu babu ni mirathi, na kabla ya kugawanywa ni ya warithi wote, si ya yule aliyeikuta kabatini. Maadamu inadhaniwa ina thamani ya shilingi elfu kumi, hakuna anayeuliza. Ikirudi na alama ya juu, watauliza wote.

Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana na mahakama za kadhi hushughulikia mirathi Zanzibar. Kwa familia iliyoelewana, maandishi mafupi yenye saini za warithi, majina ya mashahidi na picha za sarafu yatatosha kueleza nani anaituma na kwa niaba ya nani. Jina la mtumaji katika maandishi hayo, katika fomu ya kampuni, katika fomu ya forodha na katika bima liwe moja, herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Hamad nyumbani na Mohamed katika kitambulisho atumie la kitambulisho kila mahali.

Ndimu, ukwaju na majivu viwekwe mbali

Kwa mazoea ya kung'arisha shaba na fedha, mtu hujisikia vibaya kuituma sarafu ikiwa nyeusi. Aiache hivyohivyo. Ndimu, ukwaju, majivu na dawa ya meno hula ngozi ya juu ya madini, na mpimaji huiona alama hiyo mara moja chini ya kioo. Sarafu iliyosafishwa vibaya mara nyingi hurudi na maelezo kwamba imeharibiwa, bila alama ya kawaida, na uharibifu huo hauna dawa.

Sarafu ishikwe ukingoni tu, juu ya kitambaa laini. Sonara anaweza kuipima uzito kwa mizani yake. Ipigwe picha pande zote mbili kwa mwanga wa mchana, rula ikiwa kando, na kila mkwaruzo uonekane, kwani mkwaruzo ndio utakaoitambulisha siku ikibishaniwa.

Mifuko ya plastiki laini inayonuka upya haifai, kwa kuwa baadhi yake hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani, na joto la visiwani huharakisha jambo hilo. Kapsuli ngumu ya ukubwa wa sarafu ni bora. Pini za stepla zisisogezwe karibu.

Kapsuli hiyo ibanwe katikati ya vipande viwili vya kadibodi, iingie katika kisanduku kidogo, na kisanduku hicho kiingie katika kikubwa kilichojazwa karatasi au sponji pande zote. Kipimo ni sikio: kifurushi kikitikiswa, kisitoe mlio. Mlio humjulisha kila anayekibeba kilichomo, na sarafu inayocheza hujikwaruza yenyewe.

Kimya katika anwani, ukweli katika fomu

Juu ya anwani lisiandikwe neno sarafu, dhahabu wala hazina, na jina la kampuni lifupishwe kama kampuni yenyewe inavyoelekeza. Lakini fomu ya forodha ni jambo tofauti. Humo lazima iandikwe ni nini, ya mwaka gani, ya madini gani, thamani yake, na kwamba inakwenda kupimwa na itarudi, haiuzwi. Vitu vya wakusanyaji wa sarafu vina kifungu chake katika orodha ya kimataifa ya ushuru, namba 9705.

Wapo wanaoshauri kuandika "zawadi" au thamani ya dola 10 ili kukwepa ushuru na macho ya watu. Ushauri huo ni mbaya. Kifurushi kikipotea, fidia haiwezi kuzidi kilichoandikwa. Kikifunguliwa, kilichoandikwa ndicho kitakachomshtaki mtumaji. Aidha, mwenye sarafu aombe forodhani hapa nchini, kabla ya kutuma, ishuhudiwe kwamba imetoka kwa muda, ili siku ya kurudi isihesabiwe kuwa bidhaa mpya.

Kuhusu njia, Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, hauruhusu sarafu, dhahabu wala fedha kutiwa katika barua ya kawaida. Pale sheria za nchi zinaporuhusu, huenda kwa rejista au kwa bima ya thamani iliyotangazwa. Swali la kuuliza dirishani Wete, Chake Chake au Mkoani ni hili: Je, posta hapa na nchi inakokwenda zote zinaipokea bima hiyo, na kikomo chake ni kiasi gani? Kikomo kikiwa chini ya thamani ya sarafu, tofauti hiyo anaibeba mtumaji.

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa haraka huonekana salama zaidi, ila masharti ya baadhi yake huziweka fedha na sarafu, hata za ukusanyaji, katika orodha ya vitu visivyopokelewa. Karani anaweza kukipokea kifurushi na kutoza nauli bila kujua kilichomo. Siku ya madai, sharti hilo ndilo litakalosomwa. Bima ya kampuni za kupima nayo kwa kawaida huanza sarafu ikishawafikia, si ikiwa njiani kwenda.

Marekani yenyewe ilifuta tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, hivyo masharti ya kupokelewa huko yaulizwe upya wiki ya kutuma.

Kwa sarafu moja yenye thamani kubwa, njia iliyo bora pengine ni mkono wa ndugu mwaminifu anayesafiri kwenda Ulaya, akaikabidhi katika kituo cha kampuni au kwa wakala wake aliyeidhinishwa. Asiitie katika mzigo wa chini ya ndege. Abebe nakala za karatasi zote, aitaje forodhani anapotoka na anapoingia, na kwenye mashine ya ukaguzi aombe ifunguliwe faraghani, kwa kuwa madini mazito huonekana kama doa jeusi na huvuta watu.

Siku ya kurudi, kifurushi kipimwe uzito mbele ya karani na kulinganishwa na stakabadhi kabla ya kutia saini. Kasoro yoyote iandikwe palepale, maana muda wa kudai ni mfupi. Namba ya kasha itafutwe katika tovuti ya kampuni, na sarafu ilinganishwe na picha zilizopigwa kabla ya kuondoka, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Ikilingana, namba hiyo iandikwe katika yale maandishi ya warithi, na kila mmoja apewe nakala.