TAHADHARI KWA WENYE BIASHARA NDOGO: HADAA ZA MATANGAZO YA MTANDAONI NA NJIA YA KUPINGA MAKATO YA KADI

Makala haya yametayarishwa kwa madhumuni ya kuwatanabahisha wenye biashara ndogo ndogo, hasa za utalii, juu ya makampuni yanayouza matangazo ya mtandaoni kwa njia za udanganyifu, na kuwaeleza hatua za kufuata pale fedha zinapokatwa katika kadi ya benki pasipo haki. Mfano unaotumika ni wa Jiji la Arusha na vijiji vya Mlima Meru. Huko ndiko zinakoanzia safari nyingi za mbuga za kaskazini, na wageni wengi wa safari hizo humalizia mapumziko yao katika fukwe za Unguja. Linalomfika mwenye ofisi ya safari Arusha laweza kumfika mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi kwa njia ile ile.

KWA NINI ARUSHA

Arusha, iliyopandishwa hadhi kuwa Jiji, ina ofisi nyingi ndogo za kupanga safari. Baadhi yake ni chumba kimoja, meza mbili na gari moja. Katika miteremko ya Meru, vijiji kama Ng'iresi, Mulala, Ilkiding'a na Tengeru vimo katika mpango wa utalii wa utamaduni ulioasisiwa miaka ya 1990, ambapo mgeni huonyeshwa mashamba ya kahawa, migomba na maisha ya Wameru na Waarusha.

Biashara zote hizi zina jambo moja linalofanana: mteja wao yuko mbali. Anayeishi Ujerumani au Marekani hakioni kibao kilichotundikwa mlangoni. Huipata ofisi kwa kutafuta katika intaneti, na asiyeonekana huko ni kama hayupo sokoni. Haja hiyo ni ya kweli na ya halali. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na wenye hila kama mlango wa kuingilia.

SURA ZA HADAA

Hila hizi zina sura nyingi, na zilizo mashuhuri ni hizi zifuatazo:

(a) Fomu ya kuhakiki anwani. Mwenye biashara hupokea barua au barua pepe inayomtaka asahihishe jina, anwani na namba ya simu ya ofisi yake kwa ajili ya orodha ya makampuni. Aghalabu hufika baada ya maonesho ya biashara, kwa kuwa majina ya washiriki huchapishwa hadharani. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kusahihisha ni bure. Chini, kwa herufi ndogo mno, imeandikwa kwamba atakayetia saini amenunua tangazo la miaka 3.

(b) Simu ya anayejidai kutoka kampuni ya Google. Mpigaji husema kwamba ofisi itafutwa katika ramani isipolipiwa ada. Ieleweke kwamba kuorodhesha biashara katika ramani za Google hakulipiwi. Aidha, Google wenyewe wametangaza kwamba hakuna mtu awezaye kumdhaminia mwingine nafasi ya kwanza katika matokeo ya utafutaji. Anayeuza dhamana hiyo anauza asichokimiliki.

(c) Jaribio la bure. Mwenye biashara huombwa namba za kadi "kwa uthibitisho tu". Muda wa jaribio ukishapita, makato huanza na kujirudia kila mwezi. Kwa mfano, dola 49 kwa mwezi huonekana kidogo, lakini kwa mwaka ni dola 588.

(d) Tuzo ya kununua. Ofisi hupongezwa kwa kuteuliwa kuwa bora katika nchi, kisha hutakiwa kulipia cheti, nembo na ukurasa katika jarida.

(e) Kutekwa kwa akaunti ya matangazo. Mwenye biashara hutumiwa kiungo cha uongo, akaandika neno lake la siri, na mtu mwengine akaingia katika ukurasa wake na kuendesha matangazo yake kwa kadi iliyokwisha kuhifadhiwa humo.

ULAYA NAKO YALITOKEA

Asidhani mtu kwamba wanaonaswa ni wale tu wasiosoma au wa nchi changa. Katika bara la Ulaya, hila ya fomu ya anwani iliwakumba madaktari, wenye hoteli, mafundi, hata skuli. Kampuni moja iliyokuwa ikijiita European City Guide, yenye makao nchini Uhispania, ilidai karibu yuro 1,000 kwa mwaka kwa miaka 3 kutoka kwa watu walioamini kwamba wanasahihisha anwani tu. Malalamiko yalizidi hata Bunge la Ulaya likapitisha azimio mwezi wa Disemba 2008 kuhusu makampuni ya aina hiyo. Mwaka 2012 Kamisheni ya Ulaya nayo ikatoa waraka wa kukusudia kuimarisha ulinzi wa wafanyabiashara dhidi ya matangazo ya hadaa.

Jambo lililodhihiri katika mjadala huo linatuhusu hapa pia. Sheria nyingi za kumlinda mnunuzi zimetungwa kwa ajili ya mtu anayenunua kwa matumizi yake na ya nyumba yake. Mfanyabiashara akinunua tangazo kwa ajili ya biashara, huhesabiwa kuwa mjuzi anayeweza kujilinda. Hivyo mwenye ofisi ya chumba kimoja husimama pasipo kinga sawa na shirika kubwa lenye mawakili, ilhali hana wakili hata mmoja.

SHERIA ZASEMAJE

Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wowote wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Kwa upande wa Zanzibar ipo Sheria ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2018. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa njia ya kielektroniki. Maana yake ni kwamba kubonyeza kitufe cha kukubali si mchezo; kunaweza kumfunga mtu kama saini ya wino.

Chini ya Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345, ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa huru, na aliyedanganywa ana nafasi ya kuukataa mkataba. Lakini sheria hiyo humtazama pia aliyedanganywa: kama angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hoja yake huweza kudhoofika. Kwa hiyo herufi ndogo zisomwe kabla ya saini.

Hata hivyo, kampuni iliyojificha ng'ambo haifikiwi kwa urahisi na mahakama za hapa. Ndiyo sababu njia iliyo karibu zaidi kwa mfanyabiashara mdogo ni kupinga makato kupitia benki yake.

JINSI YA KUPINGA MAKATO YA KADI

Malipo ya kadi yana pande nne: mwenye kadi, benki iliyotoa kadi, muuzaji, na benki inayopokea fedha kwa niaba ya muuzaji. Katikati yao umo mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, ambao umeweka kanuni za kuamua migogoro. Mwenye kadi hana mkataba na Visa wala Mastercard. Mkataba wake uko na benki yake, na huko ndiko apeleke malalamiko.

Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, aiandikie kampuni ya matangazo kusitisha huduma na kudai fedha zake, naye ahifadhi nakala. Benki nyingi huuliza kama mteja alijaribu kwanza kupatana na muuzaji.

Pili, afike benki bila ya kuchelewa, ajaze fomu ya kupinga malipo na adai namba ya kumbukumbu ya shauri lake. Kwa malalamiko mengi, kanuni za mitandao ya kadi huweka ukomo wa siku 120, na baadhi ya benki hutaka taarifa mapema zaidi ya hapo. Anayesubiri hesabu za mwisho wa mwaka ndipo asome taarifa ya akaunti yake huenda akakuta mlango umefungwa.

Tatu, aambatanishe vielelezo: taarifa ya akaunti yenye kuonyesha makato, barua pepe zote, picha ya skrini ya tangazo lililomvutia, masharti ya mkataba, na uthibitisho wa siku aliyositisha huduma.

Nne, benki yake huwasilisha dai kwa benki ya muuzaji, na muuzaji hupewa nafasi ya kujibu kwa ushahidi wake. Akinyamaza au akishindwa, fedha hurejeshwa. Akijibu kwa hoja nzito, shauri huweza kuendelea hadi mtandao wa kadi utoe uamuzi.

Ikiwa benki haikulishughulikia lalamiko ipasavyo, mteja ana haki ya kulipeleka Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la malalamiko na matawi Arusha na Zanzibar, kwa mujibu wa Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Kwanza lakini ni lazima awe amelalamika kwa benki yake mwenyewe.

SABABU LAZIMA IWE YA KWELI

Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Fomu ya benki humtaka mlalamikaji aeleze sababu, na kila sababu ina ushahidi wake. Kusema "sikuidhinisha malipo haya" ni jambo moja. Kusema "niliidhinisha, lakini huduma haikutolewa" ni jambo jengine. Kusema "huduma si ile iliyoelezwa" ni la tatu. Na kusema "nilisitisha lakini wameendelea kukata" ni la nne.

Ichukuliwe mfano wa mwenye ofisi ya safari aliyeandika namba za kadi yake kwa hiari, akaingiza namba ya siri ya mara moja iliyotumwa katika simu yake, kisha tangazo lisitokee. Akiandika kwamba hakuidhinisha, muuzaji ataonyesha kumbukumbu ya namba ile ya siri na dai litaanguka, ingawa haki alikuwa nayo. Angeandika kwamba huduma aliyolipia hakuipata, muuzaji ndiye angetakiwa kuonyesha tangazo liko wapi. Ukweli katika shauri hili si uadilifu peke yake. Ndio silaha yenyewe.

Mwenye biashara akumbuke pia kwamba mizani hii ina pande mbili. Ofisi ya safari inayopokea amana za wageni kwa kadi nayo huweza kupingiwa malipo na mgeni. Yule anayehifadhi barua, risiti na masharti yake kwa utaratibu hujikinga katika pande zote mbili.

MIPAKA YA NJIA HII

Kurejeshewa fedha na benki si lazima kumalize deni linalodaiwa. Kampuni ya hadaa huenda ikaendelea kutuma barua za vitisho na kutaja mawakili na wakusanya madeni. Barua ya vitisho si hukumu ya mahakama. Asilipe mtu kwa hofu, bali atafute ushauri wa sheria. Na pale tangazo lilipotolewa kweli kama lilivyoahidiwa, lakini wateja hawakuja, benki haina la kumrejeshea. Tangazo lisilozaa ni khasara ya biashara, si udanganyifu.

Kadhalika, kufunga kadi na kupewa mpya si mara zote kunakomesha makato ya kujirudia, kwani ipo mipango ya mitandao ya kadi inayowapa wauzaji namba mpya ya kadi. Sharti huduma yenyewe isitishwe kwa maandishi, na benki iombwe kuzuia malipo kwa muuzaji huyo.

KINGA NI BORA

Wenye biashara wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

- Kutenga kadi maalumu kwa ununuzi wa mtandaoni, isiyofungamana na akaunti yenye mishahara na amana za wageni, na kuiwekea kikomo cha matumizi ya siku. Kadi ya malipo ya moja kwa moja hutoa fedha papo hapo katika akaunti, na mwenyewe hungojea huku shauri likisikilizwa.

- Kutompa mtu yeyote kwa simu namba za kadi, tarakimu 3 za nyuma yake, wala namba ya siri ya mara moja.

- Kumteua mtu mmoja katika ofisi mwenye idhini ya kutia saini fomu za matangazo. Fomu nyingi za hadaa husainiwa na mfanyakazi wa mapokezi aliyedhani anasaidia.

- Kusoma taarifa ya akaunti kila mwezi na kuuliza juu ya kila jina lisilofahamika, hata kama kiasi ni kidogo.

- Kuripoti ujumbe wa kitapeli wa simu kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kuripoti polisi pale jinai inapodhihirika, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika.

Wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilitungwa kabla ya kadi wala intaneti, na halijachakaa. Mwenye chumba kimoja Kijenge, mwenye shamba la kahawa Ng'iresi na mwenye nyumba ya wageni Nungwi hawana wakili mlangoni, lakini kila mmoja wao aweza kuwa na daftari. Ndani yake iandikwe nani kalipwa, lini, kwa ahadi gani, na ahadi ile ilitimizwa au la. Siku ya mgogoro, daftari hilo ndilo litakalomsemea.