Saratani ya utumbo: ni ya kulia au ya kushoto?

Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipofariki tarehe 26 Julai 2019 akiwa na miaka 41, Wakenya wengi walianza kuizungumzia saratani ya utumbo mpana. Tatizo ni kwamba tunaizungumzia kama ugonjwa mmoja. Daktari huuliza kwanza imeota wapi.

Utumbo mpana huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, hupanda hadi karibu na ini, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka mpaka njia ya haja kubwa. Upande wa kulia una nafasi na choo bado ni majimaji, hivyo uvimbe hukua muda mrefu bila kuziba kitu. Huvuja damu kidogo kidogo, nayo huchanganyika na choo hata jicho lisiione. Mtu huchoka tu, akapauka, akahema akipanda ngazi. Kushoto utumbo ni mwembamba na choo kimeshakauka, kwa hiyo dalili hujitokeza: choo kigumu kupita, tumbo kufunga na kuharisha kwa zamu, damu ya kuonekana.

Mchukue mzee wa Gilgil, mji wa baridi kati ya Naivasha na Nakuru ambao sisi Wapwani tunaujua kwa vijana wetu waendao mafunzo ya NYS. Akipungukiwa na damu, ataambiwa ni uzee au vidonda vya tumbo. Wa Kilifi au Lamu ataambiwa malaria au minyoo. Wote wawili hupewa vidonge vya kuongeza damu, wakapata nafuu, mambo yakaishia hapo. Lakini mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akipungukiwa na madini ya chuma bila sababu ya wazi, utumbo wake uchunguzwe. Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapozembea zaidi.

Saratani ikishasambaa, ya kulia ndiyo kali. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2016, nusu ya wagonjwa wa kushoto waliishi zaidi ya miezi 33 hivi. Wa kulia, miezi 19. Si kuchelewa peke yake. Pande hizi mbili hutokana na sehemu tofauti za utumbo wa mtoto akiwa tumboni mwa mama, hulishwa na mishipa tofauti ya damu, na uvimbe wake hubeba mabadiliko tofauti ya jeni. Dawa kama cetuximab huwafaa baadhi ya wagonjwa wa kushoto, na wa kulia huwasaidia kidogo sana. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, pengo hilo hupungua mno.

Saratani ya sehemu ya mwisho kabisa, puru, ina habari njema. Zamani ilirudi mara kwa mara baada ya upasuaji. Miaka ya 1980 Bill Heald, daktari wa Uingereza, alionyesha faida ya kuitoa pamoja na mafuta yote yanayoizunguka, na baadaye ikaongezwa tiba ya mionzi kabla ya kisu. Nchi za Skandinavia zilipofuata njia hiyo, wagonjwa wa puru waliwafikia wenzao wa utumbo.

Kwa hiyo damu chooni isiitwe bawasiri kabla ya daktari kupima kwa kidole na, ikibidi, kwa kamera. Wa Gilgil hospitali kubwa iliyo karibu naye iko Nakuru. Sisi tuna ile ya Mombasa. Na mgonjwa akishapata majibu, aulize yaandikwe mambo mawili: uvimbe uko upande gani, na umefika hatua gani.