Dhuluma dhidi ya Wanawake na Watoto Eastlands: Uratibu wa Kinga (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilizieleza sheria tatu zinazomlinda mwanamke na mtoto nchini Kenya, yaani Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, na Sheria ya Watoto ya 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Sehemu hii inashughulikia jambo ambalo sheria haiwezi kulitimiza peke yake, nalo ni uratibu, yaani kuzipanga kazi za idara, hospitali, polisi, shule na mashirika ya kiraia ili kila mmoja ajue mwenzake anafanya nini, kwa nani, na lini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kinga ya mwanamke na kinga ya mtoto zimejengwa kama njia mbili zisizokutana, ilhali katika mitaa ya Eastlands, yaani mashariki mwa Nairobi, dhuluma yenyewe huwapata wawili hao chini ya paa moja, mara nyingi usiku mmoja na kwa mkono wa mtu yule yule.

Mazingira ya makazi ndiyo yanayolifanya jambo hili lionekane wazi zaidi Eastlands kuliko kwingineko jijini. Sehemu kubwa ya mitaa ya kale ya upande huu ilijengwa na utawala wa kikoloni kwa ajili ya wanaume wafanyakazi ambao walitarajiwa kuwaacha wake na watoto wao mashambani, na Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 ukikusudiwa familia, ulikuwa wa kipekee kwa sababu hiyo. Familia zilikuja hata hivyo, watoto wakazaliwa, na chumba kilichopimwa kwa mtu mmoja kikawa nyumba ya watu watano au sita. Huko Mathare, Korogocho na Mukuru, ambako mabanda ya mabati na ploti za ghorofa zimesongamana, chumba cha futi kumi kwa kumi ndicho kipimo cha kawaida cha nyumba, na pazia ndilo ukuta kati ya kitanda cha wazazi na godoro la watoto. Mtoto aliyelala nyuma ya pazia hilo husikia kila tusi na kila kofi, na akiinuka kumtetea mama yake hupigwa pia. Maji na choo viko nje, vikitumiwa na wapangaji wote wa ploti, hivyo mama na binti hupita gizani katika kijia kimoja na kukabiliwa na hatari moja.

Watafiti wamelithibitisha jambo ambalo wakazi wamelijua siku zote. Utafiti wa shirika la Raising Voices uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahoji wazazi na watoto kuhusu dhuluma za nyumbani, ukaonyesha kwamba dhuluma dhidi ya mke na dhuluma dhidi ya mtoto hulishwa na mzizi mmoja, ambao ni imani kwamba mkuu wa nyumba ana haki ya kumtia adabu kila aliye chini yake. Mama aliyepigwa huenda naye akamshukia mtoto, ama kwa hasira, ama kwa hofu kwamba kelele za mtoto zitamwamsha mume. Kampala hiyo hiyo ndiko ulikofanyiwa majaribio mpango wa SASA!, unaowatumia wanajamii wenyewe kuzungumza na majirani zao juu ya mamlaka na matumizi yake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa katika maeneo yaliyoupata mpango huo kiwango cha wanawake kupigwa na wenzi wao kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika maeneo yasiyoupata. Mpango huo ulikusudiwa wanawake, lakini uchunguzi uliofuata uligundua kwamba idadi ya watoto walioshuhudia mama zao wakipigwa nayo ilishuka kwa asilimia 64. Faida hiyo kwa watoto haikupangwa na mtu. Laiti ingepangwa tangu mwanzo, pengine ingekuwa kubwa zaidi.

Takwimu za Kenya zenyewe hukusanywa kwa mikono miwili. Hali ya watoto hupimwa kwa uchunguzi wa kitaifa wa dhuluma dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2010 na kurudiwa mwaka 2019, ambapo vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla hawajatimiza miaka 18. Katika uchunguzi wa kwanza, takriban asilimia 32 ya wasichana walisema waliwahi kudhulumiwa kingono utotoni, na katika wa pili kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 16 hivi. Hali ya wanawake hupimwa kwa utafiti wa idadi ya watu na afya, ambao mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15, ikilinganishwa na asilimia 45 mwaka 2014. Upungufu huo ni wa kutia moyo. Hata hivyo, ukubwa wa mwingiliano, yaani nyumba ambazo mama na mtoto wote wamedhulumiwa, haujitokezi katika takwimu hizo kuu, kwa kuwa kila uchunguzi ulipangwa kwa swali lake na kwa wasomaji wake.

Mgawanyiko huo wa takwimu unatokana na mgawanyiko wa ofisi. Kwa miaka mingi masuala ya watoto yalikuwa chini ya idara ya watoto katika wizara ya leba, huku masuala ya jinsia yakiwa chini ya idara nyingine katika wizara tofauti, na mwaka 2025 idara hizo mbili ziliwekwa chini ya Wizara ya Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto. Nambari za dharura ni mbili, 116 kwa ajili ya watoto na 1195 kwa ajili ya dhuluma za kijinsia. Kamati nazo ni mbili au zaidi: Sheria ya Watoto ya 2022 imeanzisha kamati za ushauri kuhusu watoto katika kaunti na kaunti ndogo, ilhali wanaoshughulikia jinsia wana vikundi kazi vyao. Afisa mmoja huitwa katika mikutano yote hii, lakini mikutano yenyewe haiitani. Kuunganisha wizara katika makao makuu ni hatua njema, ila umbali kati ya makao makuu na ploti ya Huruma ni mkubwa, na wizara moja inaweza kabisa kuwa na milango miwili isiyofunguana.

Gharama ya mgawanyiko huu huonekana vizuri zaidi katika safari ya manusura, yaani mtu aliyetendewa dhuluma na kuokoka. Mtu aliyebakwa anatakiwa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ziweze kumfaa, na kabla ya saa 120 kwa dawa za kuzuia mimba. Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, inayorekodi hali ya mwili na vielelezo vilivyochukuliwa, kisha polisi hutoa fomu ya P3, ambayo ni lazima irudi kwa mhudumu wa afya ijazwe kabla haijatumiwa kortini. Ikiwa manusura ni mtoto, afisa wa watoto huingia, na ikiwa ni mtu mzima haingii hata kama watoto wanne wameshuhudia yote. Kwa mkazi wa Dandora au Kayole, njia hiyo inaweza kumaanisha kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, kurudi kituo cha polisi, kurudi hospitalini, kisha kwenda mahakama za Makadara kwenye barabara ya Jogoo mara nyingi zisizohesabika, na katika kila dirisha kusimulia upya yale yale kwa mtu mgeni. Nauli pekee inatosha kuizima kesi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililoanza kuwahudumia manusura wa dhuluma za kingono huko Mathare mwaka 2008, lilionyesha kwamba inawezekana kuwahudumia wanawake na watoto katika kliniki moja, mchana na usiku, tiba na ushauri nasaha vikiwa pamoja. Mbinu hiyo ilistahili kuigwa katika kila kaunti ndogo ya mashariki mwa jiji, na kucheleweshwa kwake hakuna udhuru.

Pengo kati ya ofisi moja na nyingine ndilo linalowapa nafasi wale wanaotaka mambo yamalizwe nyumbani. Mshukiwa akiwa jamaa au mwenye ploti, wazee huketi, fidia hutajwa, na mama ambaye kodi yake humtegemea mshukiwa hushawishiwa kunyamaza kuhusu bintiye. Ni vyema ifahamike kwamba Sheria ya Makosa ya Ngono, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, sasa jaji wa Mahakama ya Juu, haimpi mzazi wala mzee wa mtaa uwezo wa kuifuta kesi ya namna hiyo. Uamuzi huo umeachiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayepokea fidia ili anyamaze anamnyima mtoto haki yake.

Yaliyoelezwa hadi hapa ni ya baada ya tukio. Kinga ni kuzuia tukio lenyewe, na katika upande huu Eastlands haijakosa juhudi. Shirika la Ujamaa-Africa limewafundisha wasichana wa shule za Korogocho na mitaa jirani namna ya kujitetea, na wavulana namna ya kuheshimu kukataliwa. Huko Dandora, vijana wa Dandora Transformation League wamezigeuza nyua zilizojaa taka kuwa viwanja safi vya watoto kuchezea, kazi ambayo wengi huiona kuwa ya usafi tu ilhali ni ya usalama pia, kwa kuwa uwanja unaotazamwa na majirani haumfai mnyemeleaji. Taa ndefu ambazo wakazi huziita mulika mwizi zimefanya kazi hiyo hiyo usiku. Mkakati wa INSPIRE, uliotolewa mwaka 2016 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine, unayataja mambo saba yanayozuia dhuluma dhidi ya watoto, yakiwamo mazingira salama, malezi, kipato cha familia na stadi za maisha, na mtu akizunguka kutoka Majengo hadi Kayole atapata mfano wa karibu kila moja. Kinachokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kujua kwamba shule fulani ya Huruma imefikiwa na miradi mitatu na jirani yake haijafikiwa na hata mmoja.

Hapa pana tahadhari ambayo haipaswi kupuuzwa na wanaotaka kuunganisha kila kitu. Watetezi wa watoto na watetezi wa wanawake hawakulelewa katika fikra moja. Afisa wa watoto huongozwa na maslahi ya mtoto na hulazimika kuchukua hatua akipata habari ya dhuluma, ilhali mshauri wa wanawake huongozwa na hiari ya mwanamke mwenyewe, ambaye ana haki ya kuamua kama atashtaki, atahama au atasubiri. Mama anayehofia kwamba akisema amepigwa atalaumiwa kwa kutomlinda mwanawe, au mwanawe atapelekwa makao ya watoto, hatasema lolote. Kwa hiyo uratibu wa kweli ni ule unaomchukulia mama kuwa mlinzi wa kwanza wa mtoto, ukamwimarisha yeye ili mtoto aimarike, na kuitunza siri ya kila mmoja. Tahadhari ya pili inawahusu wasichana wa miaka 15 hadi 17. Kisheria ni watoto, lakini wengi wao tayari wanaishi na wanaume au wana watoto wao, na kwa sababu hiyo ofisi ya watoto huwaona wakubwa na ya wanawake huwaona wadogo. Hao ndio wanaopotea zaidi.

Jirani wa kusini ametangulia katika jambo hili. Tanzania ilikuwa na mipango minane tofauti kuhusu dhuluma hizi, ikaiunganisha kuwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha wa 2017/18, na awamu yake ya pili ikazinduliwa mwaka 2024. Mpango huo uliagiza kuwepo kwa kamati moja katika kila ngazi, kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, ambamo mwalimu, polisi, muuguzi, afisa ustawi wa jamii na viongozi wa dini huketi meza moja kuzungumzia wanawake na watoto kwa pamoja. Kamati bila fedha huwa jina tu, na Tanzania haijaepuka shida hiyo, lakini imelitatua swali ambalo Nairobi bado inalikwepa, yaani ni nani anayewaita watu mezani.

Nairobi haihitaji kuanza upya. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao taifa lilizindua 100,000 kati yao Septemba 2023, wamepangiwa kila mmoja nyumba zipatazo mia moja, hivyo tayari kuna mtu anayebisha hodi katika kila ploti na kumjua mama na mtoto kwa pamoja. Kaunti na wizara ziwaunganishe wahudumu hao, maafisa wa watoto, madawati ya jinsia ya polisi na walimu wakuu katika kamati moja ya kila wadi, yenye daftari moja la rufaa na fungu lake katika bajeti, na mwakilishi wa wadi aulizwe hadharani fungu hilo liko wapi. Wakati hilo likisubiriwa, kila mkazi na azihifadhi katika simu yake nambari 116 na 1195, ambazo kuzipiga hakulipishwi, na akumbuke kwamba aliyebakwa hupelekwa hospitalini kwanza, kabla ya saa 72, kwa matibabu ambayo katika hospitali za umma yanatakiwa kutolewa bila malipo.