Je, Wajua? Jeki ya pikipiki huweza kuinua pikipiki ya theluji

Tangu kampuni ya Bombardier ilipoanza kuuza pikipiki ya theluji iitwayo Ski-Doo mwaka 1959 huko Quebec, Kanada, wenye pikipiki za theluji wamehitaji kuziinua ili wapake grisi au wakaze mkanda wa mpira unaozisukuma. Jeki ya pikipiki ya bei nafuu inafaa, ila si kama ilivyotoka dukani. Nyingi huandikwa ratili 1,500, takribani kilo 680, ilhali pikipiki ya theluji kwa kawaida ina kilo 200 hadi 300. Basi kwa nini kuihangaikia? Kwa sababu tatizo si uzito. Mikono ya jeki imekaribiana, imeundwa kubeba chesisi nyembamba; pikipiki ya theluji ni pana, injini imeelemea mbele, na plastiki ya tumboni hupasuka upesi. Ndiyo maana mafundi huchomelea mabomba ya mraba kupanua mikono, wakaweka mpira juu, kisha wakainua mahali penye chuma au alumini imara.

Atakayesema kwamba chuma kirefu hudhoofisha jeki ana hoja: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya kupinda nayo huongezeka maradufu, kwa hiyo zile kilo 680 hazihesabiki tena. Lakini hoja hiyo inadai bomba nene, miguu ya jeki iliyotanuliwa na stendi za kushikilia mzigo kabla mtu hajaingiza mkono chini. Haikatazi kazi yenyewe.